Wapagazi wa Usingizi wa Pili

Unageuza uso. Umefika mstari wa kwanza tu na tayari unatafuta kitu kingine cha kusoma, kitu chepesi, kwa sababu jana ulilala vizuri na hutaki mtu akuulize ulilala kwa mgongo wa nani.

Basi nitakuuliza mimi. Jinamizi lako limekwenda wapi? Lile lililokuwa likikukaba koo, ukaamka umelowa jasho, ukaenda kliniki ya kampuni ya Tulizo wakakufunga utepe kichwani na kukuambia umepona. Hujapona. Hakuna aliyelitibu. Walilichukua likiwa zima, likiwa bado na meno yake, wakalileta Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu, wakamtwisha mume wangu.

Hii si mara ya kwanza watu kuja kwetu kutafuta vichwa na mabega. Walikuja wakitaka watu wa kubeba pembe kutoka bara hadi Pangani, na waliobeba wakaitwa wapagazi, na waliokufa njiani hawakuitwa chochote. Wakaja tena wakitaka mikono ya kukata mkonge, na watu wakapewa namba badala ya majina, hata wajukuu wao leo wanajua kuwa babu alikuwa manamba lakini hawajui alilia nini. Kila mara tuliambiwa ni kazi kama kazi nyingine. Nakumbuka hayo yote. Wewe usiyekumbuka ndiye unayelala.

*

Tulizo walikuja mwezi wa Shaabani. Walituita kwenye ukumbi wa shule, wakatupa maji ya chupa, na aliyesimama kuzungumza hakuwa mgeni. Alikuwa Mishi Mhina, mtoto wa Chumbageni, sasa Daktari Mishi, mwenye koti jeupe na sauti ya kubembeleza.

"Mnajua kwa nini kampuni imechagua Tanga?" aliuliza. "Kwa sababu ya daku."

Watu wakacheka. Wifi yangu Chiku, dada yake mume wangu, ambaye hajawahi kukaa kimya kwenye mkutano wowote, akasema kutoka nyuma, "Mngesubiri futari, daktari. Daku letu huwa ni kiporo."

Mishi naye akacheka, kisha akaeleza, na nitakiri alieleza vizuri. Usingizi wa mwanzo, alisema, ni wa mwili. Mwili unajikarabati, na ndoto zake ni fupi, hazina maana. Ndoto ndefu ziko mwishoni, karibu na asubuhi. Sasa mkatishe mtu hapo katikati. Aamke, ale, aswali Alfajiri, azungumze kidogo na mkewe, kisha arudi kitandani. Akili yake inaingia kwenye zile ndoto ndefu huku taa ya ndani ikiwa bado inawaka. Anaota na anajua kwamba anaota. Akijua hivyo, hakuna cha kumtisha. Simba akimjia, anamkalisha.

"Kuna watu duniani wanafanya mazoezi miaka mingi ili wapate usingizi huo wa pili," Mishi alisema. "Nyie mnaupata kila Ramadhani, mji mzima, bure."

"Lakini hamkuja kutupongeza," nilisema.

"Hapana, dada Mwanamkasi. Tumekuja kuomba msaada. Kuna wagonjwa wanateswa na ndoto zao. Jinamizi halihifadhiki mahali, haliwekwi kwenye chombo. Likianza kwa mgonjwa, tunaweza kulihamisha papo hapo kwa mtu mwingine aliyelala wakati uleule. Mgonjwa analala kimya. Yule mwingine analipokea, lakini yeye anajua ni ndoto, kwa hiyo analimaliza salama. Mkiliachia katikati, linarudi kwa mwenyewe. Ni hivyo tu."

Kilichobaki kilikuwa alama, yaani kitu cha kumzindua mtu ndani ya ndoto ajue yuko wapi. Na hapa Mishi alijivunia kazi yake kuliko mahali pengine popote. Utepe ambao mbebaji angefungwa kichwani ungepeleka mshtuko mdogo sana nyuma ya sikio, na ulimi ungehisi ladha ya tende. Mtu aliyefunga akijikuta anakula tende jua likiwa juu, atasema nini? Atasema haiwezekani, hii ni ndoto. Hakuna haja ya mafunzo. Imani yake mwenyewe itamwamsha.

Mimi walinikataa. Nina kisukari, sifungi. Sukari ikishuka naweka tende mdomoni saa yoyote, mchana au usiku, na haijawahi kunishangaza. Mume wangu Mbwana, aliyekuwa mpishi wa shughuli, mtu wa kupika pilau ya harusi kwa masufuria matano bila kuonja, walimkubali siku hiyohiyo.

*

Ramadhani ile barabara yetu ilikuwa kimya asubuhi kama msibani. Watu walikula daku, wakaswali, wakafunga tepe zao vichwani, wakalala hadi jua lipande. Milango imefungwa, maduka yamefungwa, kuku ndio waliokuwa wenye mji. Mimi nilikuwa nikitembea peke yangu na kikapu, nikisikia kupitia madirisha watu wazima wakiguna kwa niaba ya watu wengine.

Wakati wa futari walisimuliana. Chiku alikuwa kivutio.

"Mimi wangu ni mheshimiwa," alisema huku akimega muhogo. "Anaota amesimama kuhutubia, anajikuta hana suruali. Kila siku. Nikishapata tende yangu najua ni ndoto, basi naendelea na hotuba. Jana nimeahidi maji ya bomba."

"Na wakakupigia makofi?" nilimuuliza.

"Wifi, walisimama. Wangapi wanasema kweli wakiwa wamevaa?"

Mbwana hakusimulia kwa mzaha. Alisema wa kwake ni mtoto wa kike. Kuna moto na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na nyuma ya mlango msichana anapiga kwa viganja. Ladha ya tende ikimjia, Mbwana anajua anaota, anauvunja mlango kwa bega, anaingia katikati ya moto kwa sababu moto wa ndotoni haumchomi aliyezinduka, anambeba, anatoka naye. Msichana ana pengo la jino la mbele. Wakifika nje huwa anamshukuru.

"Fikiria aliyepita kwenye moto ule kwa kweli," aliniambia. "Fikiria yuko mahali fulani, na kila akilala unamrudia. Sasa analala. Mimi ndiye ninayemtoa."

Alikuwa anasema kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata siku aliyopika kwa ajili ya mkuu wa mkoa. Niliingoja hasira yangu ije, haikuja. Nilimwona mume wangu kama mtu mwema anayefanya jambo jema. Ndivyo wanavyokuchukua. Hawakupi ubaya uubebe ukiwa umeandikwa ubaya.

*

Mwezi uliandama siku ya ishirini na tisa. Saa mbili usiku redio ikatangaza, watoto wakashangilia, na kesho yake ikawa Idi.

Siku ya Idi hakuna aliyevaa utepe. Mbwana aliamka mapema akakoka moto uani, maana pilau ya barabara nzima ilikuwa juu yake. Kuni za mwarobaini zikashika vizuri. Akabandika sufuria, akaingia ndani kuoga, akavaa kanzu. Na kama ilivyo sunna, kabla ya kutoka kwenda kuswali Idi, mtu anakula tende.

Alikula tende tatu, mlango ukiwa wazi, jua likimpiga usoni.

Nilikuwa napanga vikombe. Nilimwona akisimama na kokwa mkononi, akilitazama jua, na uso wake ukalegea ukawa mpole. Akatabasamu. Akatoka uani, akakivuta kiti kwa mguu kama kitu kisicho na uzito. Kisha akauona moto chini ya sufuria.

"Nakuja," alisema. Hakusema na mimi.

Akapiga magoti na kuingiza mikono yote miwili katikati ya kuni, hadi viwiko, taratibu, kama anayemtoa mtoto mchanga kitandani. Hakupiga kelele kwanza. Hilo ndilo sitalisahau. Alikaa pale akipapasa makaa akitafuta mtu, na harufu iliyotoka nilidhani ni ya nyama ya pilau, hadi nilipoona kanzu inashika moto. Nilimvuta kwa kola. Ndipo alipoanza kulia, na akawa analia akisema, "Mbona inauma? Mwanamkasi, mbona inauma?"

Barabara nzima ilikuwa hivyo asubuhi ile. Mzee mmoja alijaribu kupita ukutani. Chiku alikutwa amesimama barabarani amevua baibui anahutubia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakucheka alipoambiwa. Lakini hao walirudi na michubuko na aibu. Mbwana alirudi na mikono ambayo daktari wa hospitali aliifunga kama vifurushi na kuniambia vidole vitatu havitarudi.

*

Mishi alikuja kutuona Mbwana aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Alileta matunda. Nilimkalisha sebuleni, sikumpa chai.

"Tulipanga kubadilisha alama," alisema. "Kila mbebaji angepewa ladha mpya siku ya thelathini, kabla ya Idi. Ilikuwa kwenye mpango."

"Mishi, wewe umezaliwa Chumbageni. Mwezi huandama siku gani?"

Akatazama mikono yake.

"Nakuuliza."

"Ishirini na tisa, au thelathini."

"Kwa hiyo ulijua."

"Wakubwa walitaka tarehe moja, dada. Mfumo hauwezi kusubiri watu watazame angani."

"Na ukanyamaza."

"Nilisema. Nilisema mara moja." Akanyanyua macho. "Bima ya kampuni itamtibu. Wenzake wanaendelea kuamka daku na kubeba, kwa alama ileile ya tende hadi mpya ifike, na akipenda naye anaweza kuendelea. Kwa kweli tungeomba aendelee. Mgonjwa wake hajatulia tangu siku ile. Tumemjaribishia wabebaji wengine, wanakimbia. Hakuna anayeingia ndani ya moto kama Mbwana."

Nilitaka kumtoa nje. Ila sauti ilitoka chumbani.

"Nileteeni utepe," Mbwana alisema. "Mtoto yuko peke yake."

Mishi aliacha utepe juu ya meza, umezungushwa vizuri kama mkanda wa shule. Alipoondoka nilielewa alichoniachia. Mbwana hakuwa na vidole vya kuufunga. Kila asubuhi ingekuwa lazima mimi ndiye nimfunge. Mikono yangu ndiyo ingempeleka.

Alinibembeleza. Alinikasirikia. Alisema maneno ambayo hajawahi kuniambia, kwamba mimi nina moyo wa duka, natoa nikilipwa. Kisha akalia, akasema, "Wewe una mikono na hutaki kuitumia. Mimi sina, ningekuwa nayo ningekwenda."

Nilikaa naye hadi akasinzia. Nilichokuwa nakitafuta ni njia ya kumkatalia bila kumwacha mtoto aungue. Sikuiona. Basi niliamua kwenda kumwona huyo mtoto mwenyewe.

*

Utepe hauchagui mtu. Unasikiliza usingizi tu, na usingizi wa pili unaweza kuutengeneza ukijua. Niliamka wakati wa daku ingawa Ramadhani ilikwishapita, nikala uji, nikaswali Alfajiri, nikapima sukari, nikajifunga utepe, nikalala pembeni ya mume wangu kukiwa kunapambazuka.

Nimeshakuambia kwamba tende hainizindui. Wabebaji wote wanazinduliwa na tende, na wakiamka wanakumbuka kuanzia pale walipozinduka, kwa sababu kilichotangulia waliota kama unavyoota wewe, kikayeyuka. Mimi sikuzinduka. Niliota jinamizi lote tangu mwanzo hadi mwisho kama linavyootwa, na likanirusha kitandani kama linavyomrusha mwenyewe, na mtu akirushwa hivyo anakumbuka kila kitu.

Nilikuwa natembea kwenye ujia. Joto. Upande wa kulia cherehani za umeme, safu kwa safu, zinashona mifuko ya saruji. Nilikuwa nimekasirika, hasira ndogo ya kila siku, ya mtu aliyeambiwa kwamba wasichana wanatoka kabla ya muda. Nilitazama chini nikaona mikono yangu. Ilikuwa minene, ina pete ya kito cheusi, imeshika bunda la funguo.

Msichana mmoja alikuwa amesimama karibu na mlango, ana pengo la jino la mbele. Alisema anaomba kwenda msalani.

"Atupele," nilisema, kwa sauti ya mwanamume, "rudi kwenye mashine."

Nilijua jina lake kwa sababu yeye alilijua. Nikatoka nje. Nikauvuta mlango wa chuma, wa kijani, nikaufunga kwa ufunguo, nikautia mfukoni. Nikasikia uzito wake kwenye paja.

Kisha nikakaa ofisini nikinywa soda. Kisha harufu. Kisha viganja juu ya chuma, kwanza vingi, kisha vichache. Nilisimama mbele ya mlango ule, ufunguo mfukoni, na mkono wangu haukwenda mfukoni. Nilikuwa nafikiria watu watasema nini wakigundua ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nafikiria kwamba nikiuacha hivyo, watadhani ulikwama.

Hapo ndipo ladha ya tende iliponijia. Hapohapo. Si kabla ya ufunguo, si wakati wa ufunguo. Pale ambapo mtu mwema akizinduka atajikuta amesimama mbele ya moto na mtoto anapiga mlango, na atadhani amekuja kuokoa.

Mimi sikuokoa mtu. Nilimpa mgongo, nikaenda kwenye gari.

*

Nilimkuta Mishi kliniki kwao, asubuhi ileile. Nilimweleza nilichokiona. Sikumaliza, alifunga mlango.

"Hukuruhusiwa kuvaa ule utepe."

"Unajua ni nani?"

"Wagonjwa ni siri."

"Sikuulizi jina. Nakuuliza kama unajua alichofanya."

Akakaa. Alikuwa amechoka, na ningekuwa mtu mwingine ningemwonea huruma. "Tunajua mwanzo wa kila jinamizi," alisema. "Lazima tujue, ili tuweke alama mahali ambapo mbebaji hatachanganyikiwa."

"Mahali ambapo mbebaji hataona."

"Dada, sisi ni madaktari, si mahakama. Yule mtu alijaribu kujiua mara mbili. Tangu Mbwana ampokee alikuwa anakula, anacheza na wajukuu. Ndoto hata si ushahidi, hakuna hakimu atakayeisikiliza. Ukimrudishia, atakufa. Uko tayari kwa hilo?"

Lile ndilo swali la haki katika yote aliyowahi kuniuliza. Inawezekana kweli atakufa. Nilikaa nalo pale kwenye kiti chake cha plastiki, na bado ninalo, sijalitua.

Lakini nilimwambia hivi. "Kuna kitu kimoja tu duniani ambacho bado kinamjua Atupele na kinaweza kumwinua mtu huyo kitandani, kikampeleka kituoni akaseme mlango ule haukukwama. Kitu hicho ni ndoto yake. Na nyie mmemtenga nayo. Kila siku mume wangu anamtoa mtoto kwenye moto, na yeye anaamka akiwa mtu aliyemtoa."

"Anaamka akiwa hakumbuki ubaya," Mishi alisema. "Hiyo ndiyo huduma."

"Wa Chiku?"

"Wa Chiku nini?"

"Yule mheshimiwa. Kabla hajavuliwa suruali, anakuwa amefanya nini?"

Mishi alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha.

*

Nilimwambia Mbwana kila kitu, pale kitandani, mchana. Alisikiliza akiwa ameegemeza mikono yake miwili kwenye mto. Nilipofika kwenye ufunguo alifumba macho.

"Mlango ule huwa nauvunja kwa bega," alisema. "Hata siku moja sikutazama mfukoni."

"Usingejua."

"Ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Alikuwa nao yeye, Mbwana."

Nilidhani yameisha. Kisha akasema, "Nifunge utepe."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Atupele. Sasa najua hata jina lake. Hapo awali nilikuwa naingia nikimwita mwanangu, sasa nitamwita kwa jina. Wewe unasema amekufa. Kwangu hajafa, Mwanamkasi, kwangu anatoka kila siku na ananiambia ahsante. Usiponifunga, ataungua. Na yule bwana amesimama pale anaangalia."

"Ndiyo," nilisema. "Ataangalia."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Ataangalia kila atakapolala," nilisema, "hadi mkono wake uende mfukoni. Wewe ukimfungulia kila siku, mkono wake hautakwenda kamwe. Na Atupele atabaki mtoto wa ndotoni, asiye na kaburi wala kesi, kwa sababu wewe ni mtu mwema."

Nilichukua mkasi wa kukatia bandeji, nikaukata utepe mbele yake, vipande vidogo. Alilia kama nilivyomsikia akilia uani siku ya Idi. Sikumgusa, maana hakutaka. Alijigeuza ukutani, na hadi ninavyoandika haya tunalala migongo ikitazamana. Sijui kama atanisamehe. Sikumwomba.

Kesho yake, baada ya Alfajiri, nilimgongea Chiku kabla hajalala. Nilimweleza. Alikaa kwenye ngazi, khanga mabegani, utepe mkononi.

"Kwa hiyo mheshimiwa wangu si mtu wa kuchekesha," alisema.

"Sidhani."

"Nimewaahidi watu maji, wifi. Kwa mdomo wake." Akauvunja utepe kwa kuukanyaga na kisigino. "Basi leo akasimame mwenyewe, bila suruali, tumwone."

Tulizunguka wawili, kisha tukawa sita, kisha sikuhesabu. Jua lilikuwa linatoka. Tuliingia nyumba kwa nyumba barabara ya kumi na tatu, wanawake kwa wanawake, ndugu kwa ndugu, tukawaamsha waliokwisha kulala kwa kuwashika bega, tukawavua tepe vichwani. Waliamka wamekasirika, wengine wanalia. Kila utepe tulioutoa, mahali fulani mbali mtu alishtuka kitandani akiwa na kilicho chake. Nilikuwa nawafikiria wakishtuka, mmoja mmoja. Sikuwaonea huruma.

Kufika mchana magari ya Tulizo yalikuwa yamesimama mwisho wa barabara, na Mishi ndani ya moja, kioo kimepandishwa. Wamesema wataleta polisi. Wamesema pia kwamba Kilwa na Lindi wako tayari, huko nako watu wanakula daku. Kwa hiyo barabara moja haitoshi, na wanajua haitoshi, na ndiyo maana wanatungoja tuchoke.

Sasa wewe. Bado uko hapa, basi sikiliza.

Kama una utepe kichwani, uvue. Si kesho. Uvue kabla ya kulala leo, ulale na kilicho chako, ukiamka unatetemeka uwaambie watu kwa nini. Kama huna utepe, usijipongeze. Kuna kiwanda cha mifuko ya saruji chenye mlango wa chuma wa kijani. Paliwaka moto. Kulikuwa na msichana mwenye pengo la jino la mbele, jina lake Atupele, na ana mama mahali, na kuna watu waliofanya naye kazi, walioambiwa kwamba mlango ulikwama. Mtu mmoja kati yenu mnaosoma anajua kiwanda hicho kiko wapi. Mwingine amewahi kuuona mkono mnene wenye pete ya kito cheusi, ameushika akisalimiana.

Inuka uulize. Uliza kazini kwako, uliza kituo cha polisi, taja jina lake kwa sauti, na wakikuambia ni ndoto tu waulize ufunguo ulikuwa wapi. Fanya hivyo leo. Usilale kabla hujauliza.